Serikali Ilipozama Mchangani

Juzi nilipewa lifti na lori la serikali lililopeleka mahindi ya msaada Kakuma. Juu ya magunia, mzee mmoja Mturkana aliyepandia Lodwar alituhubiria siasa ya majimbo, ingawa mfumo huo ulifutwa zamani.

"Turkana ijitawale! Watu ya Kenya ikae kwao!" alisema, akinyoosha fimbo kusini, kana kwamba Kenya ni nchi jirani.

Tulipovuka mto mkavu, lori likazama mchangani. Dereva, mtu wa huko kusini, akatuomba tushuke tusukume. Mzee hakusogea.

"Hii gari ni ya serikali. Wacha serikali isukume."

Dereva akazima injini, akaketi kivulini. "Sawa, mzee. Lakini mchanga ni ya Turkana. Ambia hiyo mchanga iwache gari yangu."

Tulicheka. Mzee akautazama mchanga, akayatazama magunia, kisha akashuka. Alisukuma kutushinda sote. Lori lilipochomoka, akapanda tena, akajilaza juu ya gunia lile lile.

"Mmeona?" akasema. "Bila Turkana, serikali haiendi popote."

Nimesikia hotuba nyingi kuhusu jambo hili, za upande huu na ule. Hiyo ndiyo ya kwanza kutolewa na mtu anayetokwa na jasho.