Kichwa cha Plastiki Hakilii

Harufu ya ncha za rasta zikichovywa kwenye maji ya moto, ikichanganyika na moshi wa nyama choma wa vibanda vya jirani, ndiyo harufu ya likizo ile nilipokuwa na miaka kumi. Mama alikuwa na kibanda cha ususi pale Kenyatta Market. Wasichana waliokuja kujifunza aliwapa siku ya kwanza kichwa kizima cha mtoto, asuke matuta manne manene tu ya nywele, naye akasimama nyuma yao. Ukivuta sana, mtoto analia, unalegeza. Wakizoea, matuta yanaongezeka na Mama anasogea mbali. Kichwa hicho aghalabu kilikuwa changu, na nililia vya kutosha.

Dada yangu Njeri alipomaliza shule, Mama aliona haya kumfundisha mwenyewe. Alitaka cheti chenye fremu ukutani. Akampeleka chuo kimoja cha mjini, ghorofani, ambako ususi ulikatwakatwa kama sukuma wiki: wiki nzima ya majina ya vitana, nyingine ya kugawa nywele, nyingine ya kuanzisha tuta, yote juu ya kichwa cha plastiki kilichofungwa mezani. Mwalimu wao alijigamba kwamba huo ndio utaalamu, ilhali kucha zake ndefu zilionyesha wazi hajasuka mtu miaka mingi. Debe tupu haliachi kuvuma. Jioni, nyumbani Kangemi, Njeri alinikariria hatua kumi na mbili, nami mjinga nikafurahi kwamba kichwa changu kimepumzishwa.

Mama alimwahidi kiti cha pili kibandani akifaulu kumsuka bi harusi mmoja wa Kinoo. Njeri hakutaka kitu kingine duniani ila kiti kile. Mistari yake ilinyooka ajabu, lakini bi harusi alianza kujikunyata.

"Wee Njeri, unavuta sana! Hii kichwa si ya mbao."

"Vumilia kidogo tu. Madam alisema vuta mpaka ishike."

Siku ya harusi, paji la uso la bi harusi yule lilijaa vipele, macho yamevutwa, hata kucheka hawezi. Jumatatu mama yake alikuja kutupigia kelele mbele ya soko zima. Alipoondoka, Mama alimnyang'anya Njeri kitana. "Mikono yako haina huruma. Tafuta kazi ingine."

Mwaka huu, sasa nikiwa mtu mzima, nimekaa kwenye kamati katikati ya jiji, ya kuchagua namna ya kufundisha ususi katika vyuo. Mpaka mkutano wa nne tulikuwa bado tunachagua. Mchagua jembe si mkulima. Mtaalamu mwenye suti alituonyesha visanduku ukutani, kila kisanduku ujuzi mmoja mdogo, na wanafunzi, eti, wataviunganisha wenyewe mwishoni. Nilisema wapewe kichwa kizima tangu mwanzo, cha matuta machache, chenye mtu ndani yake. Alinitabasamia kama mtu anayembembeleza mtoto. Mikono ikainuka, plastiki ikashinda.

Jumamosi nilimsimulia Njeri, kwenye kibanda chake cha viatu vya mitumba huko Kinoo. Aliendelea kufuta kiatu.

"Na hao wasichana wakiharibu, wataambiwa ni mikono yao?"

Nilimjibu ndiyo. Hivyo ndivyo Mama alivyomwambia, nami niliyeujua ukweli kwa ngozi ya kichwa changu siku ile nilikuwa nimesimama pale pale kibandani, nikanyamaza.