Mashujaa wa Fimbo na Jicho la Bobi

Hongereni wanaume wa hapa Ihanja. Leo mmekuja na fimbo kupigana na jicho.

Mbwa wangu Bobi kaamka jicho moja jekundu, linatoa machozi, analifumba na kulikwaruza kwa mguu. Jirani yangu Mzee Hamisi kachungulia mara moja tu, kaita watu: "Kichaa cha mbwa! Auawe kabla hajauma mtu!"

Daktari bingwa huyo.

Nikawaambia Bobi kachanjwa, nilimpeleka mwenyewe. Mwingine akasema basi nimtie maji ya tumbaku jichoni. Nikamwambia aanze na la kwake.

Nikampigia bwana mifugo. Kaja, kaangalia, kasema, "Bibi, nahitaji mtu wa kumshika kichwa."

Mashujaa wakarudi nyuma! Fimbo mkononi, macho chini.

Nikamshika mimi, na magoti yangu haya mabovu. Bwana mifugo kaosha jicho, kafunua kope, katoa kapi la alizeti. Kapi! Si tunapura alizeti hapa uani, na Bobi analala kwenye makapi? Kaacha dawa ya matone, kaonya tusimtilie dawa za macho za watu.

Jioni nani kabisha hodi? Mzee Hamisi.

"Mama Yohana, huyo mbwa akipona, hawezi kulala kwangu? Kuku wangu wanaibiwa."

"Si una fimbo? Walinde nayo kuku wako."

Kama nimekosea, njooni mniambie. Ila mje mikono mitupu.