Sarafu Iliyofungua Njia ya Mtoni

Mimi darasa la nne sikulimaliza, na sioni haya kusema. Waliolimaliza ndio niliokuja kuwaandika kazi, katika duka langu la mawe pale Garsen, nililolijenga kwa mikono hii.

Mwaka wa mvua za Elnino, Mto Tana ulipomeza barabara, nilimvusha Mmarekani mmoja wa misaada kwa mtumbwi wangu. Wengine waliogopa. Akanishukuru kwa sarafu ya fedha, nzito, ndani ya kikasha cha plastiki. Upande mmoja umechongwa askari akimnywesha maji askari aliyeumia. Akanieleza kwamba wawili hao walikuwa maadui, na kwamba uwanja waliopigania umetengwa hadi leo: hakuna anayelima wala kujenga, watu huenda kuutazama tu.

Nilicheka. "Ardhi yote hiyo, na mnaitazama?"

Sarafu ile haikuwa na mwenzake Tana nzima. Ndiyo maana, ukame ulipofuata, nilipata wazo ambalo msomi asingelipata.

Shamba langu la kijijini Wema, migomba na mahindi, lilikaa kati ya malisho na mto. Rafiki yangu Muorma, mfugaji tuliyeuza naye ngozi tangu ujana, alibakiwa na ng'ombe wachache, mifupa mitupu. Wakulima wenzangu walikataa ng'ombe yeyote apite kwenda mtoni. Nikasimama mbele yao.

"Huyu rafiki yangu mmoja nampa njia pembeni mwa shamba langu. Akiharibu, mnishike mimi."

Kwa kuwa wachungaji wake walibadilishana, nikampa rafiki yangu ile sarafu iwe alama. Mlinzi wangu nikamwagiza: atakayekuja na kitu hiki, mfungulie.

Siku niliyorudi kutoka Malindi na mzigo wa duka, hapakuwa na shamba. Migomba imetafunwa mpaka kwenye shina, mahindi yamekanyagwa yakawa tope. Mlinzi akanikabidhi sarafu.

"Tajiri, walikuwa nayo. Kundi la ng'ombe halina mwisho! Nilipouliza, wakanionyesha hii. Nimewanyang'anya wakitoka."

Majirani walikuwa wamesimama mpakani. Mmoja akaniita, "Bwana mkubwa! Tukushike wapi sasa, mkono au mguu?" Wakacheka wote, hata yule niliyemsomeshea mwanawe.

Nilimkuta rafiki yangu hotelini Garsen, anakunywa chai ya maziwa. Nikaiweka sarafu mezani.

"Ng'ombe wa nani wale?"

"Wa tajiri mmoja wa huko juu," akasema, hata hakushtuka. "Amenipa mtamba, nami nikampa sarafu. Si ulisema mwenye nayo afunguliwe?"

"Nilikupa wewe!"

"Ndugu yangu, usipandishe sauti, watu wanatutazama. Migomba yako itachipua. Mimi ng'ombe wangu wakifa, nitachipua wapi?"

Nilingoja aseme pole. Neno dogo tu, ningelipokea, maana nilijua njaa ya nyumbani kwake kama ninavyoijua ya kwangu ya zamani. Akamaliza chai, akafuta mdomo, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Basi nirudishie. Hawa wangu hawajanywa tangu jana."

Nikaitia mfukoni, nikatoka. Jioni niliona vumbi la ng'ombe wake likizunguka njia ndefu, mbali na shamba langu.

Sasa sarafu imo katika kabati la kioo dukani. Wateja huuliza bei. Nawaambia ilishauzwa, na si mimi niliyeiuza.