Kadi Nyekundu ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani, anayewaongozea jirani zake mchezo wa kubuni hadithi kila Jumapili mchana, hukata kadi zake kwenye maboksi ya nyuzi na kuzizungushia utepe zisichane vidole. Iliyo nyekundu huiweka katikati ya meza, akisema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja asimame wima: "Ukiigusa, tunasimama. Hakuna atakayeuliza kwa nini." Mchimba visima, mmoja wa jirani hao, huangua kicheko. "Dada, kwani sisi watoto?"

Jumapili hii hadithi iliwafikisha kwenye shimo lenye mtu chini, kamba ikaanza kukatika. Fundi, ambaye kazi yake ni kusoma miili, aliona mabega ya mchimba visima yamepanda hadi masikioni, na mkono umenyanyuka kuelekea kadi ukasita hewani, wenzake wakimtazama. Akimuuliza, atamwaibisha; akiendelea, atamuumiza. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akagusa kadi.

"Mimi nimeshindwa," alisema. "Hili shimo linanitisha. Tulifute."

Hakuna aliyeuliza. Mchimba visima akashusha pumzi, akaomba maji, akamaliza glasi nzima.

"Asante, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Tuendelee. Ila tupite njia ya mlimani."