Nilimpelekea Mgonjwa Kundi la Animasio

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na mashahidi ni chumba kizima cha mahututi cha hospitali moja hapa Kalemie. Usinicheke mapema, ngoja nifike mwisho.

Miaka ile ya Zaire mume wangu alikuwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua, bandarini. Siku moja kamba ilikatika, mzigo ukamwangukia kichwani. Akawa amelala tu, anapumua, haamki. Muuguzi, Papa Kisimba, akaniita pembeni.

“Mama, masikio yake inaweza kuwa inasikia. Mumuimbie wimbo anapenda. Polepole, na sauti ya chini.”

Kumbe dawa ni hiyo tu! Kila asubuhi kabla ya kazi wafanyakazi waliimba na kucheza animasio, kuisifu serikali, na mume wangu ndiye aliyekuwa mbele, jasho linamtoka, kiuno kama hakina mfupa. Angependa wimbo gani zaidi ya huo?

Mama yake alikuwa amefika kutoka Moba. Akaniomba, “Mutoto wangu, uniache nimuimbie. Nilikuwa namuimbia nikitwanga mihogo, yeye mugongoni.” Nikamjibu kwamba hapa ni hospitali, hatutaki nyimbo za pori, nikamtuma nje akapike bukari, ugali wetu wa huku. Nilikuwa na kiburi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaleta kundi la animasio, kina mama wenye vitenge vya chama na ngoma yao. Sauti ya chini tuliisahau mlangoni. Tulipofika kwenye kiitikio mume wangu akakunja uso, akasaga meno, pumzi zikaanza kukimbia. Mimi nikapiga vigelegele, nikidhani anaamka. Papa Kisimba akaja mbio akatufukuza wote. Presha ilikuwa imepanda, nusura nimuue mume wangu kwa ngoma.

Nikiwa nalia ukutani, mama mkwe akanipita akaingia. Akamshika mwanawe mkono, akaimba ule wimbo wa kutwanga mihogo kwa Kitabwa, lugha ya kwao, chini chini. Kidole cha mgonjwa kikaanza kufuata mapigo. Kesho yake akafumbua macho, akasema, “Mama.” Aliyeitwa si mimi.

Maneno yalimrudia kupitia wimbo ule, moja moja. Jina langu halikurudi. Lingepitia wapi, wakati kila mume wangu alipoanza kuimba za kwao nyumbani nilimwambia anyamaze? Nikampigia magoti mama mkwe anifundishe. Alinicheka akashiba, kisha akachomeka jina langu katikati ya wimbo. Tukauimba hivyo siku nyingi. Siku moja nilipofika penye jina, nikatua nivute pumzi, na mume wangu akalitaja.

Alipopata nguvu nikamuuliza habari za animasio.

“Nilikuwa nasikia yote,” akasema. “Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Ile nilikuwa naimba juu ya kazi tu, wasinifukuze.”

Wenzangu, muulizeni mtu wenu wimbo anaoupenda angali na kinywa cha kujibu. Na mama mkwe akitaka kuimba, mpisheni.