Mke Aliyekuwa Stendi ya Baiskeli

Saa mbili asubuhi, katika kichochoro cha mtaa wa Kinama, Dévote (34) ameshika kwa mikono miwili usukani wa baiskeli iliyobeba madumu manne ya mawese. Mumewe, Audace, anampimia mteja lita moja. Baiskeli ikiinama kidogo tu, mtaji wao unamwagika.

Kwa miaka sita kazi yake imekuwa hiyo: kushika. Mlango kwa mlango hadi saa tisa alasiri, jua liwake au mvua inyeshe.

"Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa najibu, apana, mi nasindikiza bwana tu," anasema.

Stendi ya kiwandani, yaani mguu wa kusimamishia baiskeli, hupinda wiki ya kwanza chini ya mzigo wa kilo themanini. Lakini hakuna aliyetengeneza nyingine imara. Mwandishi wa makala haya aliwauliza wauza mawese watano sababu, na wote walimshangaa: mbona mke yupo?

Chabani, anayechomea vyuma Cibitoke kwa miaka kumi na miwili, anacheka kwa aibu. "Kinga zinaletwa na wanaume," anasema, akimaanisha baiskeli. "Mwenye kuchoka mikono anabaki nyumbani. Nani angeniambia?"

Aliyemwambia ni Dévote mwenyewe, mwezi uliopita, baada ya Sumaya, fundi nguo wa Bwiza, kumpa nafasi ya kujifunza kushona. Nafasi ilikuwa moja, na mikono yake ilikuwa na kazi.

Mguu wa kwanza uliwatia hasara. Mafuta hayakaribishwi penye cheche, kwa hiyo Chabani aliupima kwenye baiskeli tupu. Ilipopakiwa, matairi yalibonyea, mguu ukawa mrefu mno, baiskeli ikaangukia upande wa pili. Lita kumi na moja zikaingia mchangani.

Audace alinuna siku mbili. Kisha akatoa sharti: jaribio moja tu, likishindikana asisikie tena habari za mguu.

"Niliogopa sana," Dévote anakiri. "Si juu ya mafuta. Niliogopa Sumaya atatafuta mutu mwingine."

Safari hii walijaza madumu maji, wakapima kwa uzito kamili. Chabani akachomea miguu miwili yenye vibao bapa vya chuma chini, isizame kwenye matope.

Jaribio lenyewe ni leo. Kwenye mlango wa pili, Dévote anaishusha miguu kwa kisigino. Anaachia mkono mmoja. Anasita, anaachia na wa pili.

Baiskeli imesimama. Audace anaisukuma kwa kidole, anaizunguka, kisha anapima lita mbili bila kudondosha tone.

"Haya, mama Bella," anamwambia, akimwita kwa jina la binti yao. "We nenda. Mi nitamaliza."

Jumatatu Dévote anaanza Bwiza. Ameshaamua hata gauni atakaloanza nalo.

"Robu ya kwanza ni yangu," anasema. "Tangu niolewe nanukia mawese. Ya wateja itafuata."