Maneno Meupe ya Susu

Mwisho wa miaka ya tisini nilifanya kazi katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Kitui, pamoja na mwenzangu aliyekuwa zamani mwalimu wa taipu. Kikundi cha akina mama wasusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, kutoka Matinyani kilituomba tukitengenezee ukurasa wa intaneti. Mwanzilishi wao, ambaye nilimwita Susu kama tunavyowaita nyanya zetu, alitusimulia walivyoanza jikoni mwake, nasi tukayaandika maneno yake.

Siku ya kuuona ukurasa alikuja na wenzake, amevaa nguo ya kanisani. Nikaufungua. Picha za vyondo zilikuwepo, majina ya wanachama pia. Pale pa maneno yake palikuwa peupe kabisa.

"Mbona mimi simo?" akauliza.

Jana yake mwenzangu ndiye aliyeshika faili la kanuni zinazoupa ukurasa sura na rangi.

"Umefuta maneno ya Susu!" nikamfokea mbele ya wote.

"Sijafuta kitu. Niliongeza kanuni moja tu, kwamba kila aya iwe na herufi nyeusi."

Nikaburuta mausi mahali pale patupu kumwonyesha hapana kitu. Mausi ilipopita pakageuka buluu iliyokoza, na maneno yakajitokeza mstari baada ya mstari. Nilishtuka hata nikaiachilia mausi. Yalikuwepo muda wote, meupe juu ya weupe.

Nani basi aliyatia weupe? Kanuni ya mwenzangu ilikuwa ya mwisho katika faili, na mimi niliamini ya mwisho ndiyo hushinda. Nikaanza kuondoa kanuni moja moja, nahifadhi, nafungua ukurasa upya. Nilipoondoa ya nne, maneno yakawa meusi. Ilisema kwamba aya iliyo ndani ya jedwali iwe na herufi nyeupe. Niliiandika mimi, kwa ajili ya majina yaliyokuwa kwenye jedwali la buluu. Halafu nikaweka maneno ya Susu kwenye jedwali lingine, lisilo na rangi. Ya mwenzangu ilihusu aya yoyote. Yangu ilitaja mahali, na kompyuta hufuata kanuni iliyo mahususi zaidi, ikaishinda ijapokuwa ilitangulia.

Nikamwomba mwenzangu radhi mbele ya walewale.

"Sawa," akasema, akachukua koti lake akatoka.

Susu alikuwa ameshasogeza kiti, akisoma polepole kwa kidole. "Hapa umekosea," akaniambia. "Tulianza saba, si sita."

Nikarekebisha. Mwenzangu alikaa karibu wiki mbili kabla ya kukubali tena chai yangu.